Tintin akiwa Kongo: kukiondoa kitabu rafuni au kukaa nacho na mtoto

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuta kabatini kwangu kitabu cha katuni cha Kifaransa, Tintin au Congo, ambamo Tintin, mwandishi wa habari kijana, anasafiri Kongo, akakaa nacho sakafuni. Kifaransa hakijui, kwa hiyo alikuwa akifuata picha tu. Alicheka sana alipofika kwenye treni: gari dogo la Tintin limekwama relini, treni inakuja na kuligonga, gari linabaki zima na treni ndiyo inayopinduka. Kisha akanionyesha ukurasa. "Mjomba, mbona hawa watu wote wana sura moja?"

Ugomvi juu ya kitabu hiki ni wa miaka mingi. Mchoraji wa Kibelgiji, Hergé, alikichora mwaka 1930 na 1931 kwa ajili ya toleo la watoto la gazeti moja la Kikatoliki la Brussels, ambalo mkuu wake, padri, alitaka watoto wa Kibelgiji waipende koloni yao. Hergé mwenyewe hakuwa amefika Kongo. Alitegemea, pamoja na mengine, aliyoyaona kwenye jumba la makumbusho la mambo ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani na kuwaeleza watoto wa Kikongo habari za nchi yao, yaani Ubelgiji. Toleo la rangi la 1946 liligeuza somo hilo likawa la kujumlisha. Midomo mikubwa na Kifaransa kilichovunjika vikabaki vile vile.

Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo anayeishi Brussels, alifungua malalamiko akitaka kitabu kipigwe marufuku, au angalau kiwekewe onyo. Februari 2012 mahakama ilimkatalia: mchoraji hakukusudia kuchochea ubaguzi, na kazi yake itazamwe kwa kuzingatia zama zake.

Wanaokitetea wana hoja ambazo sizipuuzi. Hergé alikuja kukiri kwamba alilishwa dhana za tabaka lililomlea. Ukikiondoa kitabu, umeondoa pia ushahidi wa namna watoto wa Ulaya walivyofundishwa kututazama. Tena Wakongo wenyewe si wa kauli moja: mafundi wa Kinshasa wanachonga Tintin wa mbao na kumuuza, na familia zinakula kwa kazi hiyo. Siwezi kusimama mbele ya fundi yule nimwambie hajui anachokifanya.

Lakini hii hoja ya zama inanigomea. Mwaka 1927 mwandishi Mfaransa André Gide alikuwa ameshachapisha habari za mateso aliyoyaona Kongo ya Wafaransa, na 1929 mwanahabari Albert Londres akaandika juu ya watu waliokuwa wakifa kwenye ujenzi wa reli huko huko. Wote wawili waliandika kwa Kifaransa, lugha iliyosomwa Brussels kila asubuhi. Aliyetaka kujua alikuwa na mahali pa kusoma.

Turudi kwenye treni. Ikishapinduka, Tintin anawaamuru abiria wa Kikongo wainyanyue, nao wanasitasita, wamechoka, hadi mbwa wake Milou anawasuta kwa uvivu. Mtoto anacheka. Sasa weka kando ya picha hiyo reli ya kweli, ile ya Kongo ya Wabelgiji kutoka bandari ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898. Hesabu rasmi za wajenzi wenyewe zinataja vifo vya Wazungu 132 na vya wasio Wazungu 1,800. Mchoraji amewatwika uvivu watu ambao ndugu zao walikufa wakitandika reli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko midomo.

Na lugha je? Kenya ya walowezi tulikuwa na Kisetla, Kiswahili cha "mimi taka chai" na "wewe kuja hapa". Mlowezi aliyekizungumza aliendelea kuitwa bwana. Mkongo wa kwenye katuni, anayejaribu lugha ya mgeni aliyekuja kumtawala, anachorwa mjinga kwa kosa lile lile. Na sisi tusijitoe: ni mara ngapi katika vichekesho vyetu vya televisheni mlinzi ni Mmasai, na kinachochekesha ni Kiswahili chake tu?

Kwa hiyo marufuku siiungi mkono. Ila na wanaodhani onyo la mistari mitatu limemaliza kazi, siko nao. Mtoto hasomi onyo, anafungua picha. Afadhali walichofanya Tervuren walipofungua upya jumba lao mwaka 2018: ile sanamu ya mtu-chui, Mwafrika aliyevaa kama chui, ambayo Hergé aliitumia kuchora kitabu hiki, hawakuivunja; waliitoa kwenye maonyesho ya kawaida wakaiweka chumba kimoja na sanamu nyingine zilizostaafishwa, pamoja na maelezo. Mgeni anaiona, na anajua kwa nini iko pale. Shule zetu zingeweza kufanya hivyo na katuni, filamu na matangazo, kwa kipindi kimoja tu kwa wiki: nani kachorwa na jina, nani kachorwa kundi, nani kapewa lugha nzima, nani kaambiwa mvivu na kazi kafanya yeye.

Nilimsimulia mpwa wangu habari ya Matadi, kwa kifupi, kwa kiasi cha umri wake. Alinyamaza, akarudi kwenye ule ukurasa wa treni, akaanza kuwapitishia kidole wale abiria mmoja mmoja, akitafuta aliye tofauti na mwenzake.