Kampuni Nane kwa Siku Tano Si Ziara, Ni Mbio

Ratiba za ziara za wanafunzi wa biashara zinafanana kama mapacha: siku tano Uholanzi, kampuni nane, picha ya pamoja kwenye kila lango. Wanapewa kahawa, wanaoneshwa slaidi zilezile zilizomo kwenye tovuti ya kampuni, wanatembezwa dakika ishirini, kisha dereva wa basi anapiga honi. Kulipia tiketi ya ndege ili kwenda kutazama slaidi ni hasara tupu.

Afadhali mchague bidhaa moja, muifuate hatua kwa hatua. Kwa chuo cha Nairobi au Nakuru, bidhaa hiyo iko karibu kabisa: waridi. Anzeni kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, kabla hata ya kuomba viza. Angalieni shina likikatwa na kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji, likiingizwa chumba cha baridi, likipangwa kwa urefu (sentimita 40 huku, 60 kule), kisha mafungu yakilazwa makavu ndani ya boksi. Ulizeni wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, wanatafuta nini. Jibu mojawapo ni kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Thaumatotibia leucotreta, ambaye Umoja wa Ulaya ulimwekea masharti mapya kwa waridi mwaka 2025. Boksi likikaa juani uwanja wa ndege, joto lililoingia halitoki kirahisi, na ukungu wa kijivu hujitokeza kwenye maua siku kadhaa baadaye, mbele ya mnunuzi.

Sasa nendeni Aalsmeer, Uholanzi, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Mnada wa huko ni wa Royal FloraHolland, ushirika unaomilikiwa na wakulima wenyewe. Wikendi hakuna mnada, na siku za kazi shughuli huanza alfajiri. Ukifika saa nne asubuhi utakuta imeshapoa, kwa hiyo hoteli iwe jirani, si katikati ya Amsterdam kwa sababu ya mandhari.

Saa ya mnada, yaani skrini inayoonesha bei, inafanya kazi kinyume cha minada tuliyoizoea. Bei haipandi, inashuka. Inaanzia juu na kuteremka senti kwa senti, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye amenunua kwa bei iliyofikiwa. Anataja kiasi anachochukua. Kilichobaki kinarudishwa mnadani. Ukisubiri bei nafuu zaidi, mwenzako amekuwahi. Ukiwa na pupa, umelipa zaidi ya ulivyohitaji. Yote hayo ni sekunde chache.

Hapa ndipo wageni wengi wanapotoka na picha isiyo kamili. Wanunuzi siku hizi wanabonyeza wakiwa kwenye kompyuta ofisini kwao, na sehemu kubwa ya biashara hupita nje ya saa kabisa, kwa makubaliano ya moja kwa moja kati ya shamba na mnunuzi. Anayeishia kwenye roshani ya wageni, akitazama toroli zikivutwa huko chini, atarudi akiamini kuwa bei yote ya waridi huamuliwa na ile saa. Ombeni, kwa barua na mapema, muda wa saa moja na kampuni inayopokea mizigo ya Kenya: inayofungua maboksi, kukata mashina upya na kuyarudisha majini. Hiyo saa moja ndiyo ziara.

Maswali yaandikwe nyumbani. “Changamoto zenu ni zipi?” ni swali la kumlaza mwenyeji usingizi. Jaribuni hili: ukungu ukionekana, mnajuaje kama kosa ni la shamba au la safari, na nani anakatwa pesa? Hapo ataleta rekodi za vipimajoto vilivyosafiri ndani ya maboksi, na mazungumzo yatakuwa mengine. Msiulize mambo yaliyomo kwenye ripoti ya mwaka. Na mhadhiri, kwa heshima zote, anyamaze.

Kundi la watu 40 nyuma ya mwongozaji mmoja halisikii kitu. Walio nyuma wanaangalia simu. Wanane au kumi kwa kila mwongozaji wanatosha. Viatu viwe vya kufunika vidole, pasi za kusafiria ziwe mfukoni kwa sababu maeneo yenye ulinzi hudai kitambulisho, na ruhusa ya kupiga picha iombwe kabla ya simu kutolewa.

Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Uholanzi, huruhusiwa kuombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kinachokwamisha makundi mara nyingi ni kitu kidogo: tarehe za barua ya chuo hazilingani na za tiketi, au barua ya mwenyeji haina majina ya wanafunzi. Mtu mmoja azikague karatasi zote kwa mpigo. Wiki ya kuelekea tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, msiende. Hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuwajibu.

Mkirudi, lipelekeeni shamba la Naivasha kurasa mbili: maboksi yalipofunguliwa yalikuwa na joto gani, mashina mangapi yalitupwa, na mnunuzi alilalamikia nini. Meneja wa chumba cha baridi atazisoma akiwa amesimama palepale mlangoni.