Pomboo wa Kizimkazi: safari iendelee, mbio ziachwe

Alfajiri magari ya wageni huanza kuingia Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja, kwao Rais Samia. Wengi hawaji kutazama ngalawa wala msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 (hasara yao). Wamefuata pomboo. Watetezi wa wanyama wanataka safari hizo za boti zisusiwe. Wenyeji wanauliza, basi tule nini?

Wanaotaka zisusiwe wana hoja nzito. Pezi likionekana tu, boti zote zinageukia huko, manahodha wanakatiana mbele, mashine zinanguruma. Kisha "Rukeni! Rukeni!" na wageni wanatumbukia karibu waangukie migongo ya wanyama. Pomboo wanazama, wanaibukia mbali, mbio zinaanza upya. Watafiti waliowafuatilia hapo wameona kwamba boti zikiwepo, pomboo hupumzika na kula kidogo zaidi.

Lakini anayetaka safari zifutwe aikumbuke historia. Kabla ya biashara hii kushika kasi miaka ya 1990, pomboo walikuwa wakivuliwa hapahapa, nyama yao ikiwa chambo cha papa. Kilichowanusuru ni kwamba pomboo aliye hai alianza kuleta fedha zaidi kuliko aliyekatwakatwa. Fedha hizo zikikauka, sioni kwa nini mvuvi asirudie ya zamani.

Kwangu mimi kasoro iko kwenye malipo. Mgeni akilipa hotelini, au kwa papasi (dalali wa watalii) mjini, fedha hupita mikono kadhaa kabla ya kufika pwani. Nahodha, akishatoa ya petroli, macho yake yanabaki kwenye bakshishi, na bakshishi nono hutoka kwa mgeni aliyekaribia kumgusa pomboo. Atawafukuza pomboo tu, hata umpe mafunzo mara ngapi.

Heri kijiji kipange nauli moja, ilipwe palepale pwani, nahodha apate chake pomboo waonekane wasionekane. Na kuruka majini katikati yao kukatazwe kabisa. Anayetaka kuogelea apelekwe mwambani. Hilo litachukua muda. Kwa sasa, mgeni amwambie nahodha mapema, kabla mashine haijawashwa, kwamba atatazama akiwa botini na bakshishi yake ipo hata wakirudi bila kuona kitu.