Mteja mmoja akikata, kwa nini seva nzima ife?

Kila mtu anapouliza kwa nini seva yake inakufa bila neno, jibu la kwanza analopewa ni lile lile: iweke ijiwashe upya. Jibu hili limenichosha. Kuiwasha upya kunarudisha programu tu. Majibu yaliyokatikia njiani hayarudi, na wateja wote waliokuwa wameunganishwa wameshaangushwa kwa sababu ya mmoja aliyefunga simu yake.

Chukua hali ya kawaida kabisa kwenye Linux. Mteja amefunga muunganisho, seva bado ina data ya kumpa. write() ya kwanza inafaulu, maana kazi yake ni kuweka baiti kwenye bafa ya kerneli (hifadhi ya muda ya kiini cha mfumo) tu. Upande wa pili unajibu kwa RST, pakiti ya kusema muunganisho haupo tena. write() inayofuata ndiyo inaleta SIGPIPE, ishara ya kerneli kwamba unaandika kusiko na msomaji, na usipoishughulikia inaua programu nzima. Logi haina mstari hata mmoja, core (nakala ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka) haipo. Ganda (shell) linakuonyesha msimbo wa kutoka 141, yaani 128 jumlisha 13, namba ya SIGPIPE. Kinachowapoteza wengi ni kwamba systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, huanzisha huduma zake SIGPIPE ikiwa tayari imepuuzwa. Programu iliyodumu huko miezi mingi inaanzishwa siku moja kwa skripti ya kawaida, inaanza kufa, na watu wanalaumu mtandao. Mtandao hauna kosa! Ili ipuuzwe, weka signal(SIGPIPE, SIG_IGN) mwanzoni mwa programu, au MSG_NOSIGNAL kwenye kila send() kama unaandika maktaba, kwa sababu maktaba haina haki ya kugusa ishara za programu ya mwenzio. Sasa utapata kosa la EPIPE tu, bila programu kufa. Funga soketi hiyo moja, endelea na wengine.

Ila soma kile write() inachorudisha, tafadhali. Umetuma ujumbe wa baiti 8,000 na ishara imeingia 5,000 zikiwa zimeshapita. Hupati EINTR (kosa la kukatizwa na ishara) hapo; unapata 5,000. EINTR huja pale ambapo haijapita hata baiti moja. Anayerudia ujumbe tangu mwanzo ametuma baiti 5,000 mara mbili, na kuanzia hapo mpokeaji anasoma takataka. Anayepuuza amempunja 3,000. Endelea pale ulipoishia, ndani ya kitanzi, mpaka ziishe.

SA_RESTART, chaguo la kurudia lenyewe wito uliokatizwa na ishara, inasaidia kwa read() na write(), hilo nakubali. Lakini poll(), select() na epoll_wait(), zinazosubiri soketi ipi iko tayari, hazirudiwi hata ukiiweka. Na close() ikirudisha EINTR kwenye Linux, usiirudie: namba ya soketi ile imeshaachiwa, na uzi (thread) mwingine unaweza kuwa umeshaipewa kwa ajili ya mteja mwingine. Utamfungia asiyehusika.

Ndani ya kishughulikia-ishara (kipande cha programu kinachoitwa ishara ikifika) usiite printf() wala malloc(). Ishara ikiukuta uzi huo huo katikati ya malloc(), kufuli limeshikwa na seva inaganda. Kuweka bendera tu ili kitanzi kikuu kiikague nako hakutoshi, kwani ishara inaweza kuingia baada ya kuikagua na kabla ya epoll_wait() kulala. Tumia signalfd, inayokuletea ishara kama data ya kusoma, au andika baiti moja kwenye paipu isiyozuia ambayo epoll_wait() inaiangalia, kisha urudishe errno (namba ya kosa la mwisho) ulivyoikuta.

Wa Python wana nafuu: tangu 3.5 EINTR inarudiwa yenyewe. Go nayo inakupa EPIPE kwenye soketi, ingawa paipu ya stdout ikivunjika programu inakufa vile vile.

Simu iliyozimika chaji haitumi FIN (pakiti ya kuaga) wala RST, hivyo seva haijui kwamba mteja ameondoka. Keepalive, ukaguzi wa TCP wa kuuliza kama mteja bado yupo, haijiwashi, na ukiiwasha inasubiri sekunde 7,200 kabla ya kuuliza chochote. Ishushe hadi 60 kwa TCP_KEEPIDLE.

Kwenye kusimamisha, baada ya SIGTERM (ombi la kusimama) Docker inatoa sekunde 10 na Kubernetes 30, kisha SIGKILL, inayoua papo hapo. Kama kontena linaanza kwa skripti ya ganda, iite seva kwa exec ili ichukue nafasi ya ganda, la sivyo SIGTERM inaishia kwa ganda na seva haipati habari mpaka inauawa katikati ya kuandika. Kabla ya kuiachia wateja, vuta faili kubwa kwa curl --limit-rate 1k, ikate kwa Ctrl-C, kisha uangalie kama wateja wengine bado wanahudumiwa.