Kabla ya kuajiri msafishaji wa kwanza, tazama bei yako

Wenye biashara ndogo za usafi wengi huajiri kwa sababu wamechoka. Mgongo unauma, simu za wateja hazikomi, Jumamosi imeshageuka siku ya kazi, basi anatafutwa mtu haraka ashike nyumba mbili tatu. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapoanza kuvuja. Uchovu unakuonyesha kwamba kazi zipo nyingi. Kama kazi hizo zinaweza kumlipa mtu wa pili na wewe ukabaki na kitu, hilo uchovu haulijui. Jibu limo kwenye bei unayotoza leo.

Msafishaji anayefanya kazi peke yake hajilipi muda wa barabarani. Hajilipi anapofua vitambaa, anapojaza chupa wala anapoandika ankara usiku. Anahesabu alichoingiza, anaona faida. Akishaajiri, sehemu kubwa ya dakika hizo inapata mwenyewe anayeidai, tena kwa haki.

Tufanye hesabu moja. Tuseme mteja analipa 100 kwa kila saa ya usafi, kwa fedha yoyote unayotumia. Mfanyakazi unamlipa 45 kwa saa, siku ya saa 8. Katika hizo 8, wateja wanalipia 6. Mbili zimeishia njiani, kwenye kupakia na kupakua vifaa, na kusubiri mtu afungue mlango. Mapato ya siku ni 600. Ujira ni 360. Ongeza asilimia 20 ya ujira kwa likizo, siku za ugonjwa, michango ya hifadhi ya jamii na bima, unapata 72. Usione asilimia hiyo ni kubwa: likizo ya siku 20 katika mwaka wa siku 260 za kazi inakula karibu asilimia 8 peke yake, na katika nchi nyingine mzigo wote unapita hapo. Sabuni, dawa, vitambaa na uchakavu wa mashine, weka 30. Usafiri, weka 40. Jumla ni 502. Umebakiwa na 98, na bado hujalipia simu, muda wako wa kukagua, wala mteja anayekwepa kulipa.

Sasa mteja mmoja alalamike, na nyumba ya saa 2 irudiwe bure nje ya ratiba. Saa hizo mbili zinakugharimu 108 kwa ujira na michango yake. Faida ya siku nzima imekwenda na umeongeza kutoka mfukoni.

Geuza upande wa pili. Ukipanga nyumba za mtaa mmoja siku moja, saa zinazolipiwa zikawa 7 badala ya 6, mapato ni 700. Ujira na michango haubadiliki, ni 432 ileile. Vifaa 35, usafiri umeshuka hadi 30. Umebakiwa na 203. Saa moja iliyookolewa barabarani imezidisha kinachobaki zaidi ya mara 2, bila kumwongezea mteja hata senti. Kwa hiyo ratiba ndiyo ya kupangwa kwanza, tangazo la kazi baadaye.

Halafu kuna kasi, na hii ndiyo inayowaumiza wengi kwa sababu haionekani kwenye daftari. Nyumba unayoimaliza kwa saa 2 unaijua kona kwa kona: unajua bomba lipi linaacha chokaa, kapeti ipi inatoa nyuzi, kabati gani halihamishwi. Mtu mpya atatumia saa 3 siku za mwanzo, na akishazoea atatua kwenye saa 2 na nusu. Si uvivu huo. Mwenye biashara hukimbia kwa kuwa kila dakika ni yake. Mtu wa kuajiriwa hawezi kukimbia hivyo siku 5 kwa wiki, mwaka mzima, asiumie mabega na magoti. Nyumba hiyo uliipangia bei ya 200 kwa mwendo wako. Kwa mwendo wake, saa inaleta 80. Saa 6 zinaleta 480, na gharama zako ni zilezile 502. Kila siku anayokwenda kazini, unampa 22 juu ya kile alichozalisha. Na hapo hakuna aliyekosea kitu: mfanyakazi ni mwaminifu, wateja wameridhika, biashara inapungua.

Ndiyo sababu nasema bei ipandishwe kabla ya kuajiri. Wateja wapya uwahesabie muda wa msafishaji wa kawaida, na usisahau kwamba usafi wa kwanza wa nyumba mara nyingi huchukua kama mara 2 ya usafi wa kila wiki, kwa hiyo usafi huo una bei yake. Wateja wa zamani wape notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, sema bei mpya na tarehe inapoanza, usijieleze sana. Ukitaka kujua nani umpandishie zaidi, gawanya anacholipa kila mteja kwa muda wote anaokuchukulia, kuanzia unapotoka kwa mteja aliyetangulia mpaka unapofunga mlango wake. Wale watatu wanne wanaoleta kidogo kabisa kwa saa ndio wanaokuchosha. Baadhi wataondoka. Waache waende. Na ikitokea kwamba baada ya hapo pumzi imerudi na mapato hayajashuka, hukuhitaji mfanyakazi, ulihitaji bei.

Lakini ikiwa hata baada ya kupandisha unaendelea kukataa kazi, basi ajiri, na usiogope. Ninachotaka kuona kabla ya hapo ni saa 15 hadi 20 kwa wiki za wateja wa kudumu, zilizoshikilia kwa miezi 2 au 3. Kazi za mara moja, kama usafi wa baada ya ujenzi au wa mtu anayehama, zinaleta pesa nzuri ila mshahara haupangwi juu yake. Mteja mmoja asibebe zaidi ya theluthi moja ya saa hizo, maana siku akiondoka unabaki na mtu uliyemwahidi kazi. Na uwe na akiba ya ujira wa miezi 2. Ofisi nyingi hulipa siku 30 baada ya kupokea ankara, wengine wanavuta hadi 45. Mfanyakazi anakula kila siku. Biashara yenye faida kwenye karatasi inaweza kushindwa kulipa mshahara, na msafishaji akicheleweshewa mara 2 ameshaanza kutafuta pengine.

Hapa kuna njia ya mkato ninayoipinga waziwazi: kumwita mfanyakazi "mkandarasi" ili kukwepa michango. Ukimpangia saa, ukampa vifaa na sare, ukamwelekeza namna ya kusafisha, na bei mkapatana wewe na mteja wako tu, sheria za nchi nyingi zitamhesabu kuwa mwajiriwa, hata kama mmesaini karatasi inayosema vingine. Madai yakija huja na malimbikizo yote. Zaidi ya sheria, huyu ni mtu anayeinama juu ya bafu siku nzima akivuta harufu ya dawa. Akiteleza akavunjika mkono, mtu fulani lazima alipe. Kama bei yako haiwezi kubeba bima yake, bei bado haijafika.

Jambo linalofuata ni kuandika kazi yenyewe. Isiandikwe "safisha bafu vizuri", iandikwe hatua kwa hatua pamoja na muda wake. Chukua bafu la kawaida, dakika 25. Fungua dirisha au washa feni. Toa mataulo na chupa. Nyunyiza dawa chooni na kwenye kuta za bafu, kisha iache ikae muda ulioandikwa kwenye lebo. Kwa dawa nyingi za kuua vijidudu ni dakika 5 hadi 10, na uso ubaki umelowa muda wote huo. Wakati dawa inakaa, futa vumbi juu ya taa na rafu, halafu kioo. Rudi usugue bafu, kisha sinki, choo kiwe cha mwisho. Sakafu unaideki kutoka kona ya mbali ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mgeni wa kazi hunyunyiza na kufuta papo hapo, kwa sababu panang'aa. Panang'aa kweli, ila dawa haikupata nafasi ya kufanya kazi.

Vitambaa vigawe kwa rangi: mpangilio unaotumika sana ni nyekundu kwa choo, njano kwa sinki na bafu, kijani kwa jikoni, bluu kwa vyumba vingine. Kitambaa cha mikrofaiba kikunjwe mara 2, kinatoa pande 8 safi; mtu anayejua kukunja anatumia vitambaa vichache kuliko anayekisokota mkononi. Vifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huziba nyuzi na kitambaa kinabaki kusukuma maji badala ya kuyanyonya.

Kwenye kemikali sina mzaha. Blichi isikutane na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Blichi isikutane na kitu chenye amonia, inatoa kloramini. Zote zinaumiza mapafu, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pabaya pa kujifunzia. Siki na dawa nyingine za asidi zisiguse marumaru halisi, zinaila na kuacha madoa ambayo hayafutiki kwa kitambaa. Kila chupa uliyomiminia dawa ibandikwe jina na kipimo cha kuchanganya. Kuna wamiliki wanaokwepa lawama kwa kutompa mfanyakazi blichi kabisa mwezi wa kwanza. Ni uamuzi mzuri.

Majaribio yalipwe. Siku moja kamili kwenye nyumba unayoijua, wewe ukiwepo, itakuonyesha zaidi ya mahojiano yoyote: anaanza juu au chini, anauliza akikuta kitu kimevunjika au anakisogeza, anarudisha vitu vilipokuwa. Baada ya kumchukua, fanya naye kazi zamu 5 za mwanzo, kagua kila nyumba wiki 2 zinazofuata, kisha nyumba 1 kati ya 5 bila kumwambia ni ipi. Huo muda wako wa wiki za mwanzo hauingizi kitu, uwe umeuhesabu.

Funguo zipewe namba, anwani isiandikwe kwenye kibandiko. Kitabu cha kutoa na kurudisha kisainiwe kila siku. Bima ya uharibifu wa mali ya mteja uwe nayo kabla ya zamu ya kwanza, na utaratibu wa kuripoti kilichovunjika uwe siku hiyohiyo bila kukatwa mshahara; penye makato watu huficha.

Wateja waambiwe mapema. Walikuchagua wewe, na wengine wamekupa ufunguo kwa kukuamini wewe, kwa hiyo nenda na mfanyakazi mara ya kwanza, mtambulishe kwa jina, mwachie mteja namba ya kukupigia asiporidhika. Na siku atakayopiga, kasoro irekebishwe ndani ya saa 24 na aliyefanya kazi, wewe ukiwa pembeni ukimwonyesha kilichokosekana kwenye orodha, na saa hizo alipwe. Wamiliki wengi hufanya kinyume: huenda wenyewe jioni kimyakimya, wakasugua, wakarudi nyumbani. Mteja anaridhika, mfanyakazi hajui lolote, na wiki inayofuata kona ileile ya bafu inaachwa vilevile.