Vayalar Ramavarma: ni kweli filamu zilimmaliza mshairi?

Huku Muscat, Oman, hasa ukikaa mtaa wa Ruwi, hata chai unauziwa na Wamalayali, watu wa jimbo la Kerala kusini mwa India. Kuna mzee mmoja ana mkahawa karibu na kwangu, akiwa anamimina chai toka gilasi hii mpaka hii anaimba wimbo uleule kila siku, mwisho nikamuuliza unasema nini. Akaweka gilasi zote chini kwanza, ndo akanieleza: binadamu ameumba dini, dini zikaumba miungu, halafu binadamu na dini na miungu wakagawana ardhi, wakagawana na nyoyo. Nilikosa la kusema. Tangu siku ile nimekuwa namfatilia aliyeyaandika hayo, mshairi wa Kerala anaitwa Vayalar Ramavarma.

Sasa kuna lawama ya muda mrefu kwa wapenzi wa mashairi wa Kerala, kwamba sinema ilimuiba huyu mtu. Na wana hoja. Kazaliwa 1928, diwani yake Sargasangeetham ikapata tuzo ya Akademi ya Fasihi ya Kerala 1961, watu wakategemea makubwa zaidi, yeye kazama kwenye nyimbo za filamu alizoanza kuandika 1956 mpaka anafariki Oktoba 1975, na miaka yake 47 tu. Aliacha karibu nyimbo 1,300. Hebu piga hesabu, miaka 19, ni wimbo mmoja kila siku tano au sita, uwe mgonjwa, uwe na msiba, prodyuza anasubiri. Hapo lazima mwezi na maua yajirudie, na kweli yanajirudia. Tena mtu wa mrengo wa kushoto anaandika nyimbo za kumsifu Krishna, mungu wa Wahindu, kwa vile sini ya filamu inataka! Silipuuzi hilo.

Lakini hiyo hesabu ya 1,300 ndo inayonisumbua, nimeigeuza mara nyingi kichwani na naona watu wanaisoma vibaya. Wanachukulia kila wimbo ni shairi lililotolewa kwenye daftari lake, kama ushairi ni gunia la mchele, ukichota linapungua. Kumbe angalia walivyofanya kazi yeye na G. Devarajan, mtunzi wa muziki aliyekwenda naye miaka mingi: maneno yanaandikwa kwanza, Devarajan anayasoma, ndo anatafuta muziki wa kuyabeba. Yaani shairi linatangulia. Kwa Salil Chowdhury, yule mtunzi wa muziki wa filamu ya Chemmeen ya 1965, mara nyingi ilikuwa kinyume, tuni kwanza halafu mshairi apachike maneno, na hata humo Vayalar hakupotea.

Halafu kuna kitu wanaomlaumu wanakiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 50, kabla hajaijua sinema, alitoa diwani inaitwa Kontayum Poonoolum, yaani rozari ya Wakristo na ule uzi wanaovaa Wahindu wa tabaka la juu. Na yeye mwenyewe alitoka ukoo wa kifalme, alisomeshwa Kisanskriti, huo uzi anaujua. Miaka ishirini baadae wazo lilelile, dini kugawa watu, ndo likawa huu wimbo wa mzee wa chai, kwenye filamu ya 1972, Achanum Bappayum, jina lenyewe ni neno 'baba' mara mbili, la Wahindu na la Waislamu wa kule. Akaimba K. J. Yesudas aliyezaliwa Mkatoliki, na yeye na Vayalar wote wawili wakapata tuzo ya taifa ya India kwa wimbo huo. Sasa hapo kilichoibwa ni nini? Mi naona wazo lilikuwa kwenye kitabu, filamu ikaliweka midomoni mwa watu.

Wengine watakuletea O.N.V. Kurup, mshairi mwingine wa Kerala, mbona yeye aliandikia filamu na bado akapata Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi India? Sawa, ila Kurup aliishi mpaka 2016, miaka 84. Mpeni Vayalar miaka 37 ya ziada ndo tulinganishe.

Juzi nikamuuliza yule mzee kama amewahi kusoma kitabu cha Vayalar. Akasema hapana, shule aliacha mapema akaja Ghuba. Ila wimbo anao wote, na kila akifika pale pa kugawana nyoyo anapunguza sauti na mkono wenye gilasi unasimama kidogo.