Jamani, Sikupinga Nikaha: Yalikuwa Meno

Kwanza nikanushe. Biharusi sijawahi kumpenda, sijawahi kumposa, na hadi juzi Ijumaa nilikuwa sijui hata jina la babu yake. Nasema haya kwa sababu rafiki yangu mmoja, ambaye maskani tunamwita Redio na wala hahitaji umeme, kesharusha vois ya dakika nne kwenye makundi matatu akieleza nilivyosimama msikitini "kudai haki yangu". Sikusimama. Nilikuwa nimekaa kitako. Mengine, wallahi, ni kweli, ndiyo maana naandika mwenyewe kabla hayajavuka kufika Pemba. (Shangazi wa Wete kapiga simu sasa hivi. Yameshavuka.)

Binamu yangu alikuwa anaoa, mie mpambe wake. Mpambe hukaa ubavuni mwa bwana harusi, kila picha yumo. Na meno yangu, kwa ile kahawa ya barazani ya kila jioni, yalishakuwa rangi ya mkeka wa zamani. Basi Alhamisi nikaenda kuyang'arisha. Bei sisemi, mama anasoma hapa.

Daktari, dada mmoja mpole, akanitia plastiki ya kuvuta midomo mpaka nikafanana na chewa aliyelazwa mnadani Darajani. Akanipaka kinga kwenye ufizi usije ukaungua, kisha jeli yenyewe, ya haidrojeni peroksaidi, akanimulikia taa ya buluu. Dakika 15, anafuta, anapaka tena. Mara tatu. Akanipa kioo. Nyie! Nazi tupu! Isipokuwa jino moja la mbele, ambalo nililivunja nikichupa baharini pale Forodhani nilipokuwa na miaka 11, likazibwa. Alishaniambia mapema kwamba kiraka hakibadiliki rangi, dawa inafanya kazi kwenye jino lenyewe tu. Basi limekaa pale katikati ya nazi kama punje ya hindi.

Halafu akaanza masharti. Masaa 48, kisiingie mdomoni kitu chenye rangi: kahawa, chai, manjano, ukwaju, tungule, na sigara ndiyo kabisa. Nikamuuliza nitajuaje kipi ni kipi.

"Kaka yangu, kanzu unayo?"

"Ninayo."

"Kitu kikiweza kuitia doa kanzu yako, usikile."

Sasa nipigieni hesabu. Nimetoka pale Alhamisi saa kumi jioni, nikaha ni Ijumaa baada ya Alasiri. Masaa 24 tu! Na mji wenyewe ndio huu: urojo una manjano, biriani ina zafarani, mabuyu ukiyamung'unya ulimi unatoka kama umechinjwa. Nikaishi kwa wali mkavu, ndizi na maziwa. Bibi akaniangalia nikila, akaniuliza kwa upole kama tumbo limeniharibika.

Kulikuwa na sharti jengine, na hili ndilo lililoniua. Alisema jeli inapenya ganda la nje la jino, kwa hiyo siku ya kwanza au mbili meno yatakuwa na ganzi, naweza kupata kama shoti ya umeme, hata bila kula kitu. Nisinywe cha moto wala cha baridi, nisivute upepo kwa mdomo, nipigie mswaki laini na dawa ya meno ile ya watu wenye ganzi. Akaongeza kwamba jino likitoka kwenye dawa linakuwa limekauka kidogo, ndiyo maana siku ya kwanza linaonekana jeupe kuliko litakavyobaki. Katika maneno yote hayo, mie nilisikia "siku ya kwanza linaonekana jeupe". Yaliyobaki nikamwachia yeye.

Haya, msikitini. Someni polepole, maana mie nayaona hivyo hivyo kila nikifumba macho.

Bwana harusi kakaa, joho na kilemba. Mbele yake walii, baba yake biharusi. Sheikh kati yao. Mie kuliani kwa bwana harusi, magoti yamegusana. Mbele yetu, juu ya mkeka, maikrofoni. Juu ya kichwa changu, kiyoyozi kipya ambacho watu wa mtaa wamekichangia na wana fahari nacho, kwa hiyo kimewekwa mpaka mwisho. Spika zimefunguliwa ili wanawake walioko nyumbani kwa biharusi, nyumba ya tatu kutoka hapo, wasikie.

Khutba imekwisha. Walii kamshika mkono binamu yangu. Anasema, nimekuoza mwanangu kwa mahari mliyokubaliana. Kimya. Kimya kile ambacho hata watoto wa nyuma wameacha kusukumana. Binamu anavuta pumzi ajibu. Na hapo hapo mpiga picha, Mungu anamwona, akanionyesha kidole mdomoni: tabasamu.

Nikatabasamu. Nazi zote nje.

Kiyoyozi kikapuliza.

Mnaijua ile ganzi ya embe mbichi? Izidisheni mara mia, kisha ichomekeni kwenye soketi. Ilianzia kwenye chonge la juu, ikapanda puani, ikatokea jichoni. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ndani ya maikrofoni, ukasema:

"A-A!"

Waswahili wenzangu, hebu niambieni nyinyi. "A-a" ina maana ngapi?

Kutoka nyumba ya tatu kukasikika ukelele. Walii akautoa mkono wake taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria. Sheikh akainua macho.

"Nani kasema a-a?"

Binamu yangu, tuliyelala kitanda kimoja utotoni, akageuka kuniangalia. Nikataka kueleza, lakini kueleza ni kufungua mdomo, na kiyoyozi bado kipo pale pale kinanisubiri. Nikauziba mdomo kwa kiganja. Nikatikisa kichwa kwa nguvu kuwaambia hapana, si hapana. Sasa hebu fikirieni hiyo picha: mpambe, machozi yanamtoka, kajiziba mdomo, anatikisa kichwa.

Ami yake biharusi, mvuvi wa Nungwi mwenye mkono kama kasia, alishanishika kifundo.

"Kijana," sheikh akasema kwa upole wa kutisha, "una haki gani hapa?"

"Meno," nikasema kupitia vidoleni.

"Mahari?"

"Meno, sheikh!"

"Meno yamefanya nini?"

"Nimeyang'arisha."

Spika zilikuwa bado ziko wazi, msisahau.

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. (Redio. Nakijua kicheko chake tangu madrasa.) Halafu safu nzima. Sheikh akasema astaghfirullah, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika. Wakaanza upya, binamu akakubali haraka kama anayekimbizwa, nikaha ikafungwa, alhamdulillahi.

Yaliyofuata napita mbio. Ami akaniachia mkono, alama ninayo mpaka leo. Ikaja halua na kahawa. Kahawa nilisingizia presha. Halua, mama mkwe wa binamu alinifungia kubwa kwa makusudi, "mpe yule wa meno", nikaitumbukiza mfukoni. Samli ikapita mpaka nje, doa la ukubwa wa sahani ubavuni. Dobi kaniambia nisahau. Ile hesabu ya kanzu ya daktari ni ya kweli kabisa, nimeijaribu mwenyewe.

Jana jioni masaa yametimia, ganzi imepungua, nimekunywa chai ya tangawizi ya uvuguvugu na nikakaribia kulia.

Na picha zimetoka. Ziko 212. Katika 211 nimefumba mdomo kama nimeweka siri ya serikali, maana baada ya kile kiyoyozi nani angethubutu tena? Meno yanaonekana kwenye moja tu. Macho yametoka, shingo imesimama mishipa, mdomo uko katikati ya "A-a", na nazi zinang'ara mpaka zimemtia bwana harusi kivuli. Punje ya hindi pia imetoka vizuri.

Redio ameiweka iwe picha ya kundi.