Unywele, unyoya na gamba: asili moja au tatu?

Mwaka 2016, Nicolas Di-Poï na Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliohitimisha kwamba nywele za mamalia, manyoya ya ndege na magamba ya reptilia vina asili moja. Habari ilipoenea ikafupishwa: nywele zetu ni magamba yaliyogeuka. Hitimisho la watafiti naliunga mkono. Ufupisho huo siukubali, kwani unadai jambo ambalo ushahidi haukulionyesha.

Kabla unywele haujachomoza kwenye kiinitete cha panya, au unyoya kwenye kiinitete cha kuku, tabaka la juu la ngozi hunenepa mahali padogo na seli zake husimama wima. Hapo hapo jeni kadhaa huanza kufanya kazi kwa mpangilio unaofanana kwa wanyama wote wawili. Kinundu hicho wanabiolojia hukiita plakodi. Kwa muda mrefu hakikuonekana kwa reptilia, na hilo lilileta utata mkubwa, maana ndege ana udugu wa karibu zaidi na mamba kuliko na panya. Iweje ndege na panya wawe na kitu ambacho mamba hana? Ama ndege na mamalia walikipata kila mmoja kwa njia yake, ama reptilia walikuwa nacho wakakipoteza.

Jibu la Geneva lilikuwa rahisi kuliko yote mawili: reptilia wanacho. Kilipatikana kwa mamba wa Mto Nile, kwa nyoka na kwa mjusi mwenye ndevu wa Australia. Hudumu muda mfupi, wala hakitokei mwili mzima kwa wakati mmoja, ndiyo maana kilikuwa kikiwapita watu machoni. Kisha likaja jambo linalonishawishi zaidi. Wapo mijusi wa aina hiyo wanaozaliwa bila gamba hata moja, na chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo EDA. Nakala moja ya jeni ikiharibika, magamba huwa madogo. Zikiharibika zote mbili, hayapo kabisa. Kwa binadamu, hitilafu katika jeni hiyo hiyo humfanya mtu azaliwe na nywele chache, meno pungufu na tezi za jasho chache kiasi kwamba mwili hushindwa kujipoza. Ni vigumu kuamini kwamba yote haya ni sadfa.

Lakini tazama tena orodha hiyo ya binadamu. Meno yamo, na tezi za jasho zimo. Jino nalo huanza kama plakodi, na tezi za maziwa vilevile, ila hakuna anayesema jino ni unywele uliogeuka. Msingi wa aina moja hubeba nyumba, ghala na mnara. Samaki ndio wanaotatiza zaidi. Magamba yao hujengwa katika tabaka la ndani la ngozi, kwa tishu ya aina ya mfupa, tofauti kabisa na gamba la mjusi. Hata hivyo, mfumo wa EDA ukiharibika kwa samaki mdogo wa Japani aitwaye medaka, naye hukosa magamba. Basi kufanana kwa jeni peke yake hakutoshi kuthibitisha kwamba viungo viwili ni kitu kimoja.

Ujenzi wenyewe nao unatofautiana. Unywele huota kutoka kwenye kishimo kilichozama ndani ya ngozi. Unyoya huanza kama mrija, na nyuzi zake hugawanyika kutoka kwenye ukuta wa mrija huo. Richard Prum, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alilieleza hili vizuri mwaka 1999, akaidhoofisha dhana ya zamani kwamba unyoya ni gamba lililorefuka na kuchanika pembeni. Danielle Dhouailly, mwanabiolojia wa Ufaransa, akaenda mbali zaidi mwaka 2009: alipendekeza kwamba ukoo wa mamalia ulikuwa na ngozi yenye tezi nyingi na haukupitia magamba ya kireptilia hata kidogo.

Tena hata gamba si kitu kimoja. Milinkovitch mwenyewe na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba magamba ya uso wa mamba hutokana na ngozi kupasuka-pasuka inapokua, bila plakodi yoyote. Mnyama mmoja, magamba ya namna mbili!

Kwa hiyo ninaloliona la haki ni hili: plakodi ni urithi kutoka kwa mhenga wa pamoja, na vilivyojengwa juu yake ni vipya kwa kila ukoo. Kati ya gamba na unyoya umbali ni mfupi zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Geneva waliamsha mfumo wa jeni uitwao Shh kwenye viinitete vya kuku, na sehemu za miguu ambazo kwa kawaida huwa na magamba zikaota manyoya ya kudumu.

Ugomvi ulio hai sasa ni kuhusu umri wa unyoya. Pterosauri, reptilia walioruka zama za dinosauri, walikuwa na nyuzi mwilini. Wapo waliosema ni nyuzi za ndani ya bawa zilizooza. Halafu mwaka 2022 kisukuku cha pterosauri aitwaye Tupandactylus kutoka Brazili kikaonyesha nyuzi zenye matawi, na chembe za rangi zenye maumbo yanayotofautiana kati ya ngozi na nyuzi, sifa iliyojulikana awali kwa ndege na dinosauri wa ukoo wao pekee. Naegemea kuziita nyuzi hizo manyoya. Likithibitika, unyoya utakuwa ulianza kabla dinosauri na pterosauri hawajatengana. Unywele hautaguswa na uamuzi huo, kwani ukoo wa mamalia ulikuwa umeshajitenga na ule wa reptilia zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.